Hisani Mahali pa Haki

Katika ratiba ya masomo ya Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, kwa muhula wa baridi wa mwaka 1916/17, kuna somo moja la fizikia ya kihisabati lililotangazwa kwa jina la Profesa Hilbert, akisaidiwa na Dakta E. Noether, kila Jumatatu kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, bila ada. Aliyekuwa anasimama ubaoni ni huyo Dakta E. Noether. Herufi E ilisimama kwa Emmy, mwanamke wa miaka 34, na kanuni za Prussia, dola iliyokuwa na mji huo wakati ule, hazikumruhusu mwanamke kuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Basi jina la mkubwa likatangulia, la kwake likafuata, na darasa likaendelea.

Kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu David Hilbert, gwiji wa hisabati aliyemkingia kifua mwenzake. Ni kweli alimkingia. Mimi nakisimulia kwa sababu nyingine. Naamini tangazo lile lilikuwa hatua ya kwanza ya safari iliyoishia kwenye telegramu ya tarehe 25 Aprili 1933, na waliomsindikiza Emmy Noether katika safari hiyo hawakuwa maadui zake. Walikuwa watu waliompenda.

Alizaliwa Erlangen, katika jimbo la Bavaria, tarehe 23 Machi 1882, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1900 Emmy alifaulu mtihani wa serikali wa kufundisha Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana, kazi ya heshima iliyomtosha binti wa zama zile. Akaiacha, akaenda kukaa katika madarasa ya Chuo Kikuu cha Erlangen. Chuo kilikuwa na wanafunzi 986, na wawili tu walikuwa wanawake. Hao wawili hawakusajiliwa. Kila mmoja alimwendea mwalimu mmoja mmoja kuomba ruhusa ya kusikiliza, na mwalimu akikataa hapakuwa na pa kukata rufaa. Tangu mwanzo, basi, masomo yake yalitegemea moyo wa mtu mwingine.

Mwaka 1904 Erlangen ilifungua usajili kwa wanawake, na mwaka 1907 Noether akapata udaktari chini ya Paul Gordan, kwa tasnifu yenye orodha ya fomula 331 zilizokokotolewa kwa mkono, kazi aliyokuja kuidharau mwenyewe baadaye. Kisha kuanzia 1908 hadi 1915 alifanya kazi Erlangen bila cheo na bila mshahara, na afya ya baba yake ilipodhoofu yeye ndiye aliyeshika vipindi vyake. Miaka saba. Watu wa mjini walimwona binti mwema anayemsaidia mzazi, na pengine hakuna aliyejiuliza kwa nini chuo kinapokea kazi ya mtu kisiyemlipa.

Mwaka 1915 Hilbert na mwanahisabati mwenzake Felix Klein walimwita Göttingen, mji uliokuwa kitovu cha hisabati duniani. Hawakumwita kwa kumhurumia. Albert Einstein alikuwa anakamilisha nadharia yake ya uhusianifu, Hilbert naye alikuwa anaisumbukia, na suala la nishati ndani ya nadharia hiyo lilikuwa limewashinda. Walihitaji mtu aliyezijua fika hesabu za mambo yasiyobadilika vitu vingine vyote vinapobadilika, na mtu huyo alikuwa Noether.

Ili afundishe alihitaji kibali rasmi cha uhadhiri. Kanuni ya mwaka 1908 ilikuwa imewafungia wanawake kibali hicho, kwa hiyo wanahisabati wa Göttingen wakaomba kanuni isitumike kwake. Baadhi ya walimu wa taaluma nyingine walipinga: askari wetu watarudi kutoka vitani, watajisikiaje wakikuta wanafundishwa na mwanamke? Inasimuliwa kwamba Hilbert alihamaki, akawajibu kwamba jinsia ya mwombaji haimhusu yeyote, kwani baraza la chuo si bafu la umma.

Jibu hilo limepata umaarufu mkubwa. Ningetaka msomaji asimame kidogo kwenye maandishi mengine ya mwaka huohuo, yasiyo na umaarufu wowote. Edmund Landau, profesa wa hisabati aliyemuunga mkono Noether, aliandika kwamba uzoefu wake na wanafunzi wa kike haujawahi kumridhisha, kwamba anaona ubongo wa mwanamke haufai kwa ugunduzi wa kihisabati, ila Bi. Noether anamwona kuwa mmoja wa wale wachache sana walio tofauti. Haya ndiyo maandishi ya mtetezi! Anamwombea mmoja na papo hapo anaukandamiza umati mzima anakotoka. Ni kama anamwambia mkubwa wa wizara ya elimu ya Prussia: kanuni yako ni nzuri, ibaki, ila huyu mmoja mpishe.

Wizara mjini Berlin ilikataa. Ndipo likaja tangazo la Jumatatu saa 10.

Kazi iliyotoka katika miaka ile ya kukaa chini ya jina la mwingine bado inafundishwa dunia nzima. Kila mwalimu wa fizikia wa sekondari huwaambia wanafunzi kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, na wanafunzi huipokea kauli hiyo kama amri. Mwaka 1918 Noether alionyesha inatoka wapi. Kanuni za maumbile hazibadiliki muda unavyopita: jaribio la leo likirudiwa kesho katika hali ileile, litatoa matokeo yaleyale. Yeye alithibitisha kwamba kutobadilika huko kwenyewe kunalazimisha kuwepo kwa kiasi fulani kisichoongezeka wala kupungua, na kiasi hicho ndicho tunachokiita nishati. Kanuni zikiwa zilezile hapa na kule, kinachohifadhiwa ni momenta. Kila ulinganifu wa aina hiyo una hifadhi yake. Wanafizikia wa chembe ndogo kuliko atomu huanzia hapo hadi leo.

Tarehe 26 Julai 1918 kazi hiyo ilisomwa mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Göttingen. Aliyeiwasilisha ni Felix Klein, kwa kuwa Noether hakuwa mwanachama. Mwishoni mwa mwaka Einstein alimwandikia Klein akimsihi aisukume wizara, kwani kumnyima mwanamke huyu kibali cha kufundisha aliona ni dhuluma.

Mfalme wa Ujerumani alikuwa ameshakimbia na jamhuri imeshatangazwa. Mwaka 1919, baada ya miaka minne ya kugonga mlango, Noether akapewa kibali. Marafiki walifurahi, na nani asingefurahi? Lakini kibali kile kilikuwa chake yeye peke yake, na ushahidi ulipatikana kabla mwaka haujaisha. Mwanafalsafa Edith Stein, naye Myahudi, naye mwenye udaktari, aliomba kibali cha aina hiyohiyo katika chuo hichohicho. Akakataliwa kwa sababu ni mwanamke. Njia aliyopitishwa Noether ilikuwa imefungwa nyuma yake.

Stein hakutafuta profesa wa kumwazima jina. Aliandika malalamiko kwa wizara, akihoji kama katiba mpya ya jamhuri inaruhusu mtu azuiwe kwa jinsia yake. Tarehe 21 Februari 1920 wizara ya Prussia ilijibu kwamba kuwa mwanamke hakuwezi kuwa kizuizi cha kupata kibali cha uhadhiri. Stein mwenyewe hakupata nafasi hata baada ya hapo, lakini kanuni ilikuwa imesemwa wazi kwa wote. Barua ya mwanamke mmoja asiye na cheo, iliyohoji kanuni yenyewe, ilifanya ndani ya wiki chache kitu ambacho barua za magwiji hazikufanya kwa miaka minne. Nadhani hawakushindwa kwa sababu ya uzembe. Hawakulijaribu jambo hilo, kwa maana kumwombea mtu mmoja hakumkasirishi yeyote, na anayeombewa hubaki na deni la shukrani.

Wazee walisema hisani haiozi. Sawa, haiozi, lakini aliyeitoa anaweza kuichukua. Aliyeingizwa nyumbani kwa mlango wa uani hana la kusema mwenye nyumba akibadilika.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyomfanya Noether kuwa mama wa aljebra ya kisasa, na nitakuwa nimemdhulumu nikiipita mbio. Katika makala yake kubwa ya mwaka 1921 alichukua jambo linaloonekana dogo mno. Chukua vigawe vya 12: 12, 24, 36 na kuendelea. Vyote vimo ndani ya vigawe vya 6. Vigawe vya 6 navyo vimo ndani ya vigawe vya 3, na vya 3 vimo ndani ya vigawe vya 1, yaani namba nzima zote. Ukishafika hapo huna pa kwenda tena. Ukianza na namba yoyote isiyo sifuri utakwama vivyo hivyo, kwa sababu kila hatua inakupeleka kwenye kigawo cha namba uliyotoka, na vigawo vya namba vina mwisho. Noether aliona kwamba katika mifumo mingi ya hesabu, isiyo na namba za kawaida hata moja, sharti hili moja la kwamba mnyororo wa kupanua hauwezi kuendelea milele linatosha kubeba nadharia nzima. Kurasa za mahesabu zilizowachosha waliotangulia zikageuka hoja fupi. Mifumo inayotimiza sharti hilo inaitwa kwa jina lake mpaka leo, na mwanafunzi wa aljebra wa chuo chochote atakutana nalo.

Darasani alikuwa anakwenda kasi, mawazo yakikimbia mbele ya chaki, na mgeni aliweza kutoka bila kushika kitu. Waliovumilia walipata kisichopatikana kwingine. Vijana waliomzunguka waliitwa wavulana wa Noether. Aliwatembeza kwa miguu kuzunguka mji huku wakijadili, akawapikia, akawaachia mawazo yake wayachapishe kwa majina yao. B. L. van der Waerden alikuja kutoka Uholanzi mwaka 1924, akasikiliza, na kitabu chake cha aljebra kilichotoka mwaka 1930 na 1931 kikasambaza mafundisho ya Noether na ya mwanahisabati Emil Artin ulimwenguni. Majira ya baridi ya 1928/29 Noether alifundisha Moscow. Mwaka 1932, mjini Zürich, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoa mhadhara mbele ya mkutano mzima wa kimataifa wa wanahisabati.

Na Göttingen ilimlipa nini? Mwaka 1922 ilimpa jina la profesa, jina tupu lisilo na kiti wala mshahara. Mwaka uliofuata akapata malipo madogo ya kufundisha aljebra, yasiyo na uhakika wa kuendelea na yasiyo na pensheni. Hermann Weyl, aliyeshika kiti cha Hilbert mwaka 1930, alijaribu kumtafutia nafasi bora akashindwa, na baadaye alikiri kwamba aliona aibu kukalia cheo kikubwa mbele ya mtu aliyemjua kuwa anamzidi. Aibu hiyo naiheshimu. Ilikuwa ya kweli. Lakini aibu ya mtu binafsi haina fungu katika bajeti ya chuo.

Hitler alishika serikali Januari 1933. Tarehe 7 Aprili ilitoka sheria ya utumishi wa umma iliyowafukuza kazini Wayahudi na wapinzani wa kisiasa. Tarehe 25 Aprili telegramu ikafika Göttingen ikiwasimamisha walimu kadhaa, miongoni mwao Max Born, Richard Courant, Felix Bernstein na Emmy Noether.

Hapo marafiki wakafanya walichozoea kufanya. Helmut Hasse, mwanahisabati mahiri wa Marburg, alikusanya barua 14 za wanahisabati wakubwa, kutoka G. H. Hardy wa Uingereza hadi Teiji Takagi wa Japani, akazipeleka wizarani. Zote zilieleza ukubwa wa kazi yake. Mtu anayezifikiria leo hawezi kukosa kuguswa, kwani kumtetea Myahudi mwaka ule kulihitaji ujasiri, na Hasse alikuwa nao. Lakini barua zilikuwa zilezile za mwaka 1915 kwa umbo lake. Zilisema huyu ni wa pekee. Hazikusema sheria hii ni uovu na mhadhiri asiye na jina, asiyejulikana Tokyo wala Cambridge, ana haki sawasawa na yeye. Msimamizi wa chuo aliongeza maoni yake kwamba Bi. Noether tangu mapinduzi ya 1918 amekuwa na mwelekeo wa Kimarx, na tarehe 2 Septemba kibali chake cha kufundisha kikafutwa. Hapakuwa na kiti cha kumnyang'anya wala pensheni ya kubishania. Miaka 18 ya Göttingen ilifungwa kwa karatasi.

Mwenyewe alimwandikia Hasse kwa utulivu wa ajabu, kwamba jambo hili si zito kwake kama lilivyo kwa wengi wengine. Ana akiba ndogo, na pensheni hakuwahi kustahili hata kabla. Aliwaita wanafunzi nyumbani kwake, hesabu zikaendelea. Inasimuliwa kwamba mmoja alikuja akiwa amevaa sare ya kahawia ya wanamgambo wa Hitler, naye akamkaribisha kama wengine. Anayetajwa ni Ernst Witt, kijana aliyekuwa na kipaji kikubwa kuliko karibu wote katika kundi lile, ambaye alijiunga na chama cha Hitler na wanamgambo wake mwaka huohuo. Kichwa chepesi cha aljebra hakikumsaidia kuuona uovu uliokuwa umekaa sebuleni kwa mwalimu wake, ndani ya nguo zake mwenyewe.

Sheria ya Aprili nayo ilikuwa na misamaha yake. Haikuwagusa, kwa maandishi, Wayahudi waliopigana mstari wa mbele katika Vita Kuu ya Kwanza wala walioajiriwa kabla ya Agosti 1914. Wengi walitulia kwa sababu hiyo, wakatafuta nyaraka zao za jeshi badala ya kuungana na wasio nazo. Courant alikuwa amepigana na kujeruhiwa. Alisimamishwa vilevile, akaishia New York. Landau alikuwa profesa wa Göttingen tangu 1909, kwa hiyo alihesabika kuwa salama. Tarehe 2 Novemba 1933 alifika kufundisha akakuta wanafunzi wameususia mhadhara wake, wakiongozwa na Oswald Teichmüller, kijana wa miaka 20 na mwanahisabati hodari. Hoja yao ilikuwa kwamba akili ya Myahudi haifai kuwafundisha vijana wa Kijerumani. Landau, aliyeandika mwaka 1915 kwamba ubongo wa mwanamke haufai kwa hisabati, alisoma sasa hoja ya namna ileile ikimhusu yeye. Sisemi alistahili. Hakuna aliyestahili. Aliacha kazi, akafariki Berlin mwaka 1938.

Fritz Noether, mdogo wake Emmy, naye alikuwa mwanahisabati, profesa mjini Breslau, na alirudi kutoka vitani na jeraha na nishani ya Msalaba wa Chuma. Nishani haikumlinda. Alikwenda kufundisha Tomsk, Siberia, ambako mwaka 1937 polisi wa Stalin walimkamata kwa madai ya ujasusi wa Kijerumani. Alipigwa risasi Septemba 1941. Mahakama Kuu ya Kisovieti ilimfutia hatia mwaka 1988. Edith Stein aliuawa Auschwitz mwaka 1942.

Emmy mwenyewe alipata nafasi Bryn Mawr, chuo cha wanawake huko Pennsylvania, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1933. Huko kwa mara ya kwanza alifundisha mahali ambapo hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini yupo. Mara moja kwa wiki alikwenda Princeton kutoa mihadhara. Aprili 1935 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe, siku chache baadaye hali ikabadilika ghafla, na tarehe 14 akafariki akiwa na miaka 53. Majivu yake yamezikwa katika viwanja vya chuo hicho.

Mwaka 1932, kabla ya hayo yote, Noether alikuwa amechapisha pamoja na Richard Brauer na Hasse nadharia moja muhimu ya aljebra, ambayo mpaka leo hutajwa kwa majina yao matatu. Brauer, Myahudi, alipoteza kazi yake Königsberg mwaka 1933 na kwenda Marekani. Hasse, yule aliyekusanya barua 14, aliletwa Göttingen mwaka 1934 kuongoza taasisi ya hisabati ambamo mwenzake alikuwa amefukuzwa. Alitaka kuokoa kilichobaki, naye aliamini angeweza kukiokoa akikubaliana na watawala. Mwaka 1937 aliomba uanachama wa chama cha Hitler. Katika ukoo wake kulikuwa na mzee wa Kiyahudi, kwa hiyo naye sasa alihitaji kuhesabiwa nje ya kanuni. Ombi lake liliwekwa kando mpaka vita viishe. Vilipoisha, Waingereza waliokuwa wanatawala Göttingen wakamwondoa chuoni.